Jina Katika Mistari Kumi na Moja

Jumanne, saa tatu kasorobo asubuhi, Olga Nabintu alikuwa akipangusa kibodi yake kwa brashi ndogo ya kupakia rangi. Ofisi yao ilikuwa ghorofani, Ruti, mjini Mbarara, juu ya karakana ya fundi wa mageti, na kila chuma kilipokatwa huko chini, vumbi lake lilipanda ngazi kama mtu mwenye miadi. Alikuwa amemaliza safu ya kwanza ya herufi alipopigiwa hodi. Akaingia mama mzee mwenye kitenge cha buluu, viatu mkononi kwa sababu ngazi zilikuwa zimetoka kuoshwa.

"Natafuta mtu anayeniita," alisema.

Olga akamvutia kiti. Mama alijitambulisha kuwa anaitwa Bernardine, Mrundi, mkulima wa maharage katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na akaeleza shida yake taratibu, kama mtu anayemweleza mganga mahali panapouma. Huu ulikuwa mwaka wa saba. Kila siku ya mgao wa chakula, sauti ya mwanamume ilimwita kwa jina. Haikumwita mara moja. Ilimwita mara arobaini, mara sitini, siku nyingine mara tisini, tangu asubuhi mpaka saa kumi. Majirani waliisikia pia. Mwanzoni kuku walikuwa wakitawanyika. Siku hizi hawakuinua hata shingo.

"Na ukiitwa, unafanyaka nini, mama?"

"Naitika. Nasema, niko. Ndivyo nilivyolelewa. Nisipoitika, inarudia mpaka niitike."

Alikuwa ameanza kwa padri. Padri alikuja akakaa uani kwake siku nzima, akahesabu, na jioni akasema kwamba Mungu humwita mtu mara tatu, zikizidi sana nne, tena akiwa na jambo la kusema. Huyu hakuwa Yeye. Kisha mama akagundua mwenyewe. Siku moja umeme ulikatika Base Camp, penye kituo cha mgao, saa nne, na sauti ikakatika katikati ya jina: "Bernar—" Alisubiri, jembe begani. Jenereta lilipowashwa saa sita, sauti ikamalizia: "—dine!" Hapo akajua kwamba anaitwa na mashine. Karani wa mgao akamweleza kwamba mashine inafuata programu, na programu inatoka Mbarara, Ruti, juu ya karakana ya mageti.

Kabla Olga hajajibu, sauti iliita. Haikutoka dirishani wala kwenye kompyuta. Ilitoka umbali wa mtu aliyesimama shamba la pili.

"Bernardine!"

"Niko," mama akaitika, akaanza kuvaa viatu.

Bwana Kamugasha, mwenye ofisi, alitoa kichwa mlangoni kwake. Alikuwa Mnyankore aliyezaliwa katika kambi ya jeshi ya Makenke, mtoto wa sajini, na Kiswahili chake kilikuwa kile cha gwaride. "Nani naita watu kwa ofisi?"

"Ni programu, boss."

"Sawa. Lakini mimi iko kwa simu," akasema, na kufunga mlango.

Olga alikulia Nakivale. Wazazi wake walitoka Kongo, upande wa Walungu, na foleni ya mgao aliijua kwa nyayo zake kabla hajajua kusoma. Alipomaliza chuo Mbarara alipewa kazi ya kuitunza programu hii, naye kwa miaka mitatu aliitunza kama mtu anavyotunza nyumba ya kupanga: alifagia vyumba alivyokuwa akiishi, vingine hakuvifungua. Ilikuwa na mafaili elfu tisa na ushee, yaliyoandikwa na watu kumi na wanne, wengi wao wakiwa wamekwisha hama nchi. Hakuna anayesoma programu ya namna hiyo. Watu huitafuta tu, kila mmoja kwa shida yake.

Basi akaketi, akaandika skripti. Ilikuwa mistari minne. Iliiambia kompyuta iingie kila folda, ifungue kila faili, na kila itakapokuta neno "bernardine" ilete mstari mzima, pamoja na jina la faili na namba ya mstari, ili mtu aweze kwenda pale pale kama anayeelekezwa nyumba. Akabonyeza. Mistari ikaanza kuteremka kwenye kioo, mia moja, mia mbili, mia tatu themanini na minane.

Mama alisogeza kiti, Olga akawa anamsomea majina. "Huyu namjua," akasema, kidole karibu na kioo. "Huyu anauza dagaa pale sokoni. Huyu alikufa mwaka wa korona. Huyu alikuwa Mkongomani, aliolewa Rubondo."

"Hawa bote ni bantu, mama," Olga akasema. "Ni orodha. Programu inababeba tu, sawa gari inabeba abiria. Ile niko natafuta si muntu. Ni jina yenye fundi mwenyewe alipatia kitu yake, sawa vile muntu anaweza kupatia ng'ombe jina."

"Bernardine!" ikaita sauti.

"Niko."

Olga aliongeza maneno kwenye skripti yake. Iache folda za orodha. Iache maelezo ambayo mafundi huandikiana pembeni, kwa sababu hayo mashine haiyasomi. Ilete neno likiwa zima, si kipande cha neno jingine. Hii ilikuwa ndiyo sehemu ya kazi aliyoipenda kuliko zote, na hakuwahi kumwambia mtu: pale unapouliza swali, ukapata majibu mengi mno, ukalinoa swali, na dunia ikapungua mpaka ikaenea kiganjani. Akabonyeza tena. Feni ya kompyuta ilizunguka kwa nguvu, ikatulia.

Mistari kumi na moja.

Wa kwanza ulikuwa katika faili la foleni, mstari wa mia mbili na kumi na mbili. Olga aliutafsiri kwa sauti: "Kama hii nyumba iko bernardine, uipite, uende kwa yenye kufuata. Itarudi mwezi yenye kuja."

"Bernardine maana yake nini hapo?" mama akauliza.

Olga alifuata mistari mingine, mmoja baada ya mwingine. Mstari wa pili ulisema kwamba nyumba ambayo vidole vya mkuu wake havisomeki ni bernardine. Wa tatu ulisema ambayo picha yake haifanani na sura, nayo ni bernardine. Wa nne, ambayo kadi yake imefifia. Wa tano, ambayo jina limeandikwa namna mbili, kwa Kifaransa na kwa Kirundi.

Akafungua dirisha jingine, lile ambalo programu huandika mambo yake yanavyotokea. Walikaa wakiliangalia pamoja. Saa tatu na dakika hamsini na moja, nyumba moja ilipitwa huko Base Camp. "Bernardine!" "Niko." Saa tatu na hamsini na tano, nyingine. "Bernardine!" "Niko." Mama akatoa daftari kwenye mfuko wake. Kwa miaka mitatu jirani yake alikuwa akimwandikia idadi ya kila siku. Walilinganisha tarehe kwa tarehe na idadi ya nyumba zilizorudishwa bila chakula, na zote zililingana, isipokuwa siku moja ya Machi ambapo daftari lilizidi kwa moja.

Mama aliwaza. "Siku hiyo shemeji alipita barabarani akaniita," akasema. "Ndiyo hiyo."

Kila mstari ulikuwa na jina la aliyeuandika. Wa kwanza ulikuwa wa fundi aitwaye Astère, aliyefanya kazi pale miezi minne. Olga aliuliza huku na huku kwenye simu, na saa tisa alasiri akampata Kanada, ambako kulikuwa asubuhi na Astère alikuwa akikwangua theluji kwenye kioo cha gari. Akamweka mama kwenye spika.

"Amahoro, mama," sauti ilisema. "Bernardine?"

"Niko," mama akajibu kwa mazoea, kisha akamgeukia Olga. "Ndiye. Sauti ni hiyo hiyo, ila sasa ina mafua."

Astère hakukana. Alisema alikuwa na tabia ya kutamka kila alichokiandika. Alikumbuka siku yenyewe vizuri. Mama Bernardine alikuwa amefika kwenye dirisha la mgao, jembe lilikuwa limemla vidole mpaka mistari yote imefutika, na mashine ilikataa kumsoma, ikakataa vilevile kuendelea. Nyuma yake walikuwapo watu mia nne, juani. "Nilitafuta njia ya kukupitisha pembeni, foleni isogee. Ilihitaji jina. Nikaandika la aliyekuwa mbele yangu. Ilikuwa ya wiki moja tu, mama. Ningeiondoa Ijumaa, na wewe ningekushughulikia mwenyewe. Alhamisi nikaambiwa ndege yangu ya kuja huku imepatikana."

Mama aliinamia simu. "Huko kuna baridi sana?"

"Sana, mama."

"Vaa."

Mistari mingine kumi ilikuwa ya waliofuata. Kila aliyekutana na nyumba isiyosomeka alitafuta mwenzake alifanyaje, akakuta neno bernardine, akalitumia. Olga aliusoma wa mwisho mara mbili. Ulisema kwamba nyumba iliyopitwa miezi mitatu mfululizo isipangiwe tena dirisha, ibaki bernardine. Jina la aliyeuandika lilikuwa Nabintu, Olga. Ulikuwa wa miaka miwili iliyopita, siku ya Ijumaa. Hakuukumbuka hata kidogo. Alikumbuka tu kwamba Ijumaa hiyo aliwahi kutoka kazini.

"Huo ni wa nani?" mama akauliza, maana hakujua kusoma.

"Ni wangu, mama."

Mama aliitazama ile mistari kumi na moja, akaukuta wake Olga pale chini, akautazama kama anavyotazamwa mtoto wa jirani aliyevunja mtungi. "Mwandiko wenyewe ni mzuri," alisema.

Siku ya pili Olga aliingia kwa Bwana Kamugasha na karatasi mkononi. Alimweleza yote. Kamugasha alisikiliza hadi mwisho. Hakuwa mtu mbaya, na mara mbili alitikisa kichwa.

"Nyabo," alisema, kama Wanyankore wanavyomwita bibi, "hiyo si makosa. Zamani ilikuwa makosa. Sasa ni utaratibu. Iko kwa mkataba: mtu hapana soma vidole, narudi mwezi ingine."

"Lakini mwezi ujao atakuja na vidole ni vile vile."

"Basi narudi mwezi ingine." Alifungua mikono. "Mimi nataka kusaidia. Utaratibu, hapana weza gusa bila barua ya wale wakubwa wa mgao. Wewe andika, mimi natia sahihi, tunangoja. Jina, hiyo badilisha leo. Jina hakuna mtu naona."

Olga akaandika barua, Kamugasha akatia sahihi, ikaenda. Kisha akaandika skripti ya pili, ndugu wa ile ya kwanza, inayotafuta jina na kuweka jingine mahali pake. Hakutaka kumtwika mtu yeyote. Badala ya bernardine aliweka x. Ilichukua muda wa kupiga chafya.

Mgao uliofuata, Mama Bernardine alilima toka asubuhi hadi saa kumi bila kuitwa na mtu. Kesho yake alipiga simu. Sauti yake ilikuwa imekauka. Miaka saba ya kuitika ilikuwa imemkaa kooni.

"Nimemaliza matuta yote ya maharage," alisema. "Lakini, mwanangu, jana walirudishwa watu sabini na mmoja."

"Ulijuaje, ikiwa haikuita?"

"Nimezunguka kuuliza, nyumba kwa nyumba, ndiyo nimemaliza leo. Zamani nikiitwa, watu wanasikia. Wanasema, leo ni hamsini, leo ni themanini. Aliyerudishwa anajua wako wengi. Jana kila mtu alirudi peke yake. Bwana mmoja wa kwenu, Kalume, alimfokea mke wake akidhani ameikunja kadi. Mwingine alikwenda kuungama." Akakohoa. "Usiweke kitu kisichoitika. Rudisha jina langu kama huna lingine."

Olga alisema atatazama. Alipokata simu alikaa mbele ya mashine, brashi mkononi, bila kupangusa kitu. Alijaribu kufikiria jina la mtu mwenye koo zima, aliyejua kuhesabu, na ambaye haikuwa lazima kumwomba ruhusa. Hakupata wawili. Akaandika herufi nne, akabonyeza, kisha akaendesha ile skripti ya kwanza kulitafuta jina hilo. Ikaleta mistari kumi na moja. Katika ule wa mwisho jina lake lilikuwapo mara mbili, ndani ya mstari na pembeni pake.

Jumanne ya mgao alifika ofisini mapema. Sauti ilimwita saa mbili na dakika arobaini, kutoka mahali fulani nyuma ya tangi la maji.

"Olga!"

Alikuwa amepanga jambo moja. Alifumba mdomo, akashika meza.

"Olga!"

Kule chini fundi wa mageti alizima mashine yake na kuangalia juu. "Dada, unaitwa!"

"Olga! Olga!"

Aliendelea kunyamaza. Alikuwa amefikiri hivi: programu ikimwita mtu asiitike, haiendelei, na isipoendelea, wale wakubwa itawabidi waulize kwa nini, na wakiuliza, ataieleza mistari kumi na moja, mmoja mmoja. Zikapita dakika kumi. Zikapita ishirini, na jina lake likiitwa kwa sauti ile ile isiyochoka, bila hasira. Kisha simu ya Bwana Kamugasha ikalia, akaongea kwa muda, na akaja kusimama mlangoni pa Olga.

"Base Camp nasema mashine imesimama," alisema. "Watu mia tano iko kwa jua. Kuna mama nazimia, wamepeleka yeye kliniki."

"Wameuliza kwa nini imesimama?"

"Hapana. Wameuliza itaanza saa ngapi."

"Olga!"

Kamugasha alingoja. Alikuwa ameshika kofia yake kwa mikono miwili. "Nyabo," alisema kwa upole, "itika."

"Niko," Olga akasema.

Huko Nakivale foleni ikasogea. Kamugasha akarudi chumbani kwake, na baada ya kitambo akatuma glasi ya chai.

Olga aliitika siku nzima. Mara nyingine jina lilimkuta akiwa na chai mdomoni, akaitika kwa mkono, na ilikubali. Alijifunza kwamba haikuwa lazima kusema kwa nguvu. Alichukua karatasi akaandika saa ya kila mwito, kwa kuwa hakujua afanye nini kingine na majina yasiyotajwa. Saa nane yalikuja kumi na mawili mfululizo. Akafikiri ni ukoo mmoja uliofika pamoja. Saa kumi na dakika tano sauti ilinyamaza. Alihesabu: sitini na nane. Aliituma idadi hiyo kwa Mama Bernardine, naye akasimama bombani na ndoo yake na kuitangaza, kwa Kirundi kwanza, kisha kwa Kiswahili.

Wiki mbili baadaye jibu la barua lilifika. Lilisema kwamba ombi limepokelewa, kwamba utaratibu uliopo umepunguza msongamano kwenye madirisha kwa kiwango cha kuridhisha, na kwamba wanaishukuru ofisi kwa kuendelea kuutunza. Kamugasha alilibandika ukutani, kwa sababu lilikuwa na shukrani.

Mwezi uliofuata aliitwa mara sabini na nne. Fundi wa mageti alikuwa amezoea. Alisimamisha msumeno kila mara ili Olga asikie vizuri. Mchana mvua ilipita Ruti ikielekea Isingiro, upande wa Nakivale. Saa kumi na moja kasorobo, akiwa anaandaa mfuko wake atoke, simu ililia. Alikuwa Mama Bernardine, na sauti yake ilikuwa imeanza kulainika.

"Leo nilipanga foleni tena, baada ya miaka hii yote," alisema. "Nilipaka vidole mafuta ya mgando, jirani alisema yanasaidia. Wamenirudisha. Ulisikia?"

"Ilikuwa saa ngapi, mama?"

"Saa saba na kitu. Mvua ilikuwa inaanza."

Olga aliteremsha kidole kwenye karatasi. Saa saba na dakika ishirini kulikuwa na mwito mmoja, na baada yake kimya cha dakika tisa, pengine wakati watu walipokuwa wakifunika magunia kwa turubai.

"Nilisikia," akasema. "Wewe ulikuwa wa arobaini na tatu."

"Uliitika?"

"Niliitika, mama."

"Haya," alisema Mama Bernardine. "Basi mwezi ujao usiende mbali."